Kata ya Reli

Aliponipigia simu kutoka hotelini Shangani
alisema hataki ufuko, hataki vinyago,
Mikindani kaiona jana na picha zimetosha.
Kwenye ramani yake kuna neno moja kalizungushia wino:
Reli. Nipeleke hapo.

Mimi Somoe, muongoza wageni, elfu thelathini kwa siku
(chakula juu ya mgeni, soda tunagawana),
nilitaka kumwambia. Sikumwambia.
Elfu thelathini ni elfu thelathini.

Bwana Kitagawa, miaka sabini na moja,
suruali imepigwa pasi ikanyooka, glavu nyeupe mfukoni kama barua.
Thelathini na minane katika hiyo
aliendesha treni chini ya ardhi ya Osaka.
"Miaka yote hiyo," alisema, kwa Kiswahili alichojifunza kwenye kaseti,
"mvua niliisikia kwa abiria tu."

Tukakata Chikongola, tukapita nyuma ya soko.
Kila kona alisimama, akanyoosha kidole, akataja:
Guta linakuja. Sawa.
Mbuzi hana breki. Sawa.
Ndivyo walivyofundishwa kazini: kidole kionyeshe, mdomo ukiri,
kwani jicho peke yake ni shahidi mlevi.

Tukafika. Nikasema, ndiyo hapa.
Nyumba za bati, genge la nyanya, fundi cherehani,
vijana wa bodaboda wakibishania penalti ya juzi,
na mama Fadina na sinia la ming'oko, pilipili pembeni.
Akatazama chini. Akatafuta chuma.

Jina ndilo lililobaki, nikamwambia.
Reli ilikuja ikifuata karanga;
karanga zilipogoma kuzaa, nayo ikasusa.
Bibi yangu alikuwa msichana, aliona mataruma yakibebwa
kama maiti wasio na ndugu.

Hakukasirika. Akavaa glavu.
"Basi leo nakuongoza mimi."
Akaburuta kisigino mchangani, mstari mrefu, akasema kwao huu ni mwekundu.
Panda. Milango inafungwa.

Duka la Chilumba likawa Umeda:
watu kama siafu, kumbatia mkoba wako.
Hatua ishirini, gengeni, Yodoyabashi, wenye tai wanashuka.
Ngazi zinatembea zenyewe; wewe simama kulia,
kushoto waachie wenye haraka.
Mtaro wenye chupa za plastiki ukawa Dotonbori,
taa zinaogelea humo usiku kucha, na pweza
(nikamkatiza: pweza hata sisi tunao)
"Pweza wenu," alisema, "hajawahi kuwa duara."
Watoto saba walishajiunga nyuma, mabehewa yenye makamasi.
Kwenye cherehani, Tennoji.
Hapo alikunywa chai ya kopo, akageuza treni,
kila siku ya Mungu.

Mama Fadina akauliza:
"Na hilo treni lenu huwa linachelewaga?"
Nikatafsiri. Sekunde hamsini, alijibu, mwaka mmoja wa theluji.
Aliomba radhi kwa kipaza sauti hadi koo likakauka.
"Na hili la hapa?"
Hili? Miaka sitini na ushei.
"Nani aliwaomba radhi?"

Bodaboda wakaiacha penalti yao.
Bwana Kitagawa akasimama katikati ya Reli,
akavua kofia, akabana visigino,
akainama, mgongo ukawa meza,
akakaa hivyo muda wa vituo viwili.

"Si neno," akasema mama Fadina, akijifuta mikono kwenye kanga,
"tulishazoea kwenda kwa miguu."
Akamfungia ming'oko kwenye gazeti, bure,
jambo ambalo mimi, jirani yake, sijalionja.

Siku hizi nikifunga nyumba usiku
nanyoosha kidole: Kufuli. Sawa. Mkaa umezimwa. Sawa.
Mume wangu anauliza naongea na nani.
Juu ya kabati zipo noti tatu za elfu kumi kumi,
bado hazijavunjwa.
Nazinyooshea kidole,
mdomo unakataa kukiri.